Vibuyu vya Utuvu

Anayetaka hadithi ya kumlaza mtoto aende kwa mwingine. Yangu ni ya kumwamsha, na nikifika mwisho najua kuna mtu atasimama aende chumbani kumtazama mwanawe kama bado anakoroma.

Alikuwepo bibi mmoja, Bi Sikudhani, mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu, muuza vitumbua. Binti yake wa pekee alifariki akamwachia mjukuu, Zawena, mtoto wa miaka sita asiyejua kunyamaza. Zawena aliamka akisema, alikula akisema, na usingizini aliendelea pale pale alipoachia. Na kicheko chake, jamani! Kilianzia tumboni, kikapanda kwa kujikwaakwaa, halafu kikapasuka, hata mtu mwenye msiba wake aligeuka kutazama. Bi Sikudhani alikuwa akimkaripia, "Wewe mke mwenzangu, utanitoboa masikio!" Lakini moyoni alijua kwamba siku kicheko kile kikizimika, na yeye hana tena cha kumwamsha asubuhi.

Ila magoti yalikuwa yameanza kumgomea. Kila akigeuza vitumbua aliwaza jambo moja tu: nikiondoka mimi, huyu atalelewa na nani? Halmashauri ya kwao ilikuwa na ofisi ya watoto, ndiyo, lakini mlango wake ulikuwa na kufuli lililoota kutu, na fungu la mwaka lilikwisha kwa kuijengea ofisi hiyo uzio. Ndipo akasikia habari za Utuvu.

Utuvu, watu walisema, ni nchi ambayo halmashauri yake inatumia kwa watoto, vijana na familia kuliko inavyotumia kwa barabara, kwa askari na kwa posho. Narudia, msije mkadhani ulimi umeteleza: kuliko posho. Bi Sikudhani aliposikia hivyo aliosha kikaango, akakifunga pamoja na nguo zake, akamshika mjukuu mkono. Njia ya kwenda huko sitawaeleza. Wengi wenu mmeshafika, ila hamkujua kwamba ndiko.

Langoni palikuwa na karani aliyevaa shati jeupe. Hakuuliza jina wala walikotoka. Aliinama mpaka akalingana na Zawena, akamuuliza bibi kwa sauti ya chini, "Huyu hulia?"

"Mtoto gani asiyelia, mwanangu?"

"Na hucheka?"

"Mpaka anajikojolea."

Karani akameza mate. Akamtazama Zawena kama mtu anavyomtazama kuku mnono siku moja kabla ya sikukuu, kisha akawafungulia.

Mji ulikuwa mzuri, hilo nisilifiche. Nyumba zilipakwa chokaa, mifereji ilikuwa mikavu, na kila kona palikuwa na jiko la umma lenye sufuria la uji. Watoto walikuwa wengi, wamevaa vizuri, wameoga. Walikuwa wanaruka kamba. Bi Sikudhani alisimama kuwatazama, akahisi nywele za shingo zinasimama, na hakujua kwa nini. Alitazama tena. Kamba ilipiga ardhi, miguu ilipiga ardhi, vumbi likaruka, lakini hakukuwa na sauti ya mtoto hata mmoja. Hawakuhesabu, hawakuimba, hawakugombana. Msichana mmoja akajikwaa akaanguka, goti likachubuka, likatoka damu. Akafumba macho, akafungua mdomo wote, machozi yakamtiririka. Mdomo ulikaa wazi hivyo muda mrefu na hakikutoka kitu. Mama mmoja alipita karibu yake na kapu la mboga. Hakugeuka, maana hakusikia chochote cha kumgeuza.

Zawena akaukamata mkono wa bibi yake kwa mikono miwili. "Bibi," akanong'ona, na Zawena hakuwahi kunong'ona tangu azaliwe, "yule mbona kinywa chake hakina kitu?"

"Twende," Bi Sikudhani akajibu, akamvuta.

Walipangiwa kufikia kwa mwanamke aitwaye Bi Mashavu, mjane, mpole, mwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa juu ya mlango, alama ya nyumba isiyo na kilio. Alimwamkia mgeni shikamoo, akamkalisha, akampa maji. Mlango wenyewe ulikuwa mnene kiasi kwamba kuufunga kulihitaji bega. Kijana mmoja mrefu akaja nje, lakini badala ya kubisha hodi alibandika sikio ukutani, akatulia hivyo kwa muda, ndipo akaingia. Alivaa makubazi yaliyoshonewa sufi chini, yasiyotoa mlio.

"Mwanangu Kheri," Bi Mashavu akasema. "Ni Msikilizaji wa halmashauri. Usishangae kavaa hivi na kusikiliza hata kwao, ndiyo kazi."

"Marahaba, baba," Bi Sikudhani akasema, maana kijana alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Kheri akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kula uji wake.

"Hasemi?"

"Hakuna asemaye, mama, katika waliozaliwa hapa miaka hii." Bi Mashavu akavuta kigoda. "Zamani watoto wetu walilia kama wenu. Halmashauri ilikuwa inatoa fedha nyingi kwa ajili yao, ikataka kujua kama zinafaa. Sasa utajuaje kama mtoto yuko salama? Wakakaa, wakajadili, wakasema: mtoto aliye salama halii. Basi kata yenye watoto wasiolia ndiyo yenye ustawi, na ndiyo ipewe fungu. Ukiangalia, ni maneno ya akili."

"Ya akili kabisa," Bi Sikudhani akasema, na jasho likaanza kumtoka.

"Mwanzoni watu waliwalisha, wakawauguza, wakawabeba, ili wasilie. Ni kazi hiyo, mama, nawe unaijua. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Halafu kata moja ikagundua njia fupi ya vibuyu. Unamwekea mtoto kibuyu mdomoni wakati analia, sauti inaingia, unaziba kwa gunzi na nta. Haimuumi. Mwaka ule kata ile ilichukua fungu lote. Mwaka uliofuata, nchi nzima ikawa na vibuyu."

"Na vijana?"

"Wakikua wanakuwa Wasikilizaji. Hakuna mwenye sikio zuri kama mtu asiye na sauti. Tuna programu ya vijana inayosifiwa mpaka nje." Bi Mashavu akatazama mgongo wa mwanawe. "Kuna jambo moja tu limewashinda wataalamu. Mtoto akichukuliwa kilio, hacheki tena maisha yake. Wamelitafutia sababu wameikosa. Sasa lina kamati."

Asubuhi yake Bi Sikudhani aliitwa barazani. Kila anayetaka kupokelewa Utuvu sharti atokee mbele ya madiwani. Alikuwa ameshaamua kuondoka, mjue hivyo, lakini aliambiwa kutoka nako kunahitaji kibali cha baraza hilo hilo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akamvalisha Zawena gauni safi, akamwonya kwa kidole, "Leo, mke mwenzangu, ukitoa hata neno moja nakufinya."

Ukumbi ulikuwa na zulia mpaka ukutani. Walikuwa wanajadili bajeti. Sehemu kubwa ya fungu la watoto ilikwenda kwenye milango minene. Iliyofuata ilikwenda kwenye makubazi ya Wasikilizaji, ili wasisikike wanapokuja kusikiliza. Kisha vibuyu, kisha nta. Kilichosalia kiliitwa uji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Diwani wa Kata ya Mfereji, mtu mnene mwenye uchungu wa kweli, "kwikwi si kilio! Kata yangu imenyimwa fungu kwa sababu ya kitoto kimoja kilichokunywa maji kwa pupa!"

"Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!" Diwani wa Kata ya Mlimani akasimama. "Kwikwi ni kilio kilichokatwakatwa. Tukiikubali leo, kesho watatuletea kikohozi!"

Wakapiga kelele, wakapiga meza, wakaitana majina ya wanyama. Watu wazima wa Utuvu hupayuka watakavyo, sheria haiwagusi. Bi Sikudhani alikuwa hajasikia makelele namna ile hata sokoni kwao.

Ndipo akasimama Bwana Latifu, Mkuu wa Ustawi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti laini na vidole visafi. Wote wakatulia.

"Waheshimiwa, kuna jambo zito kuliko kwikwi. Siku ya Wageni imekaribia. Mnajua kwamba wafadhili wetu hawaji kuona ukimya. Wanakuja kusikia watoto wakicheka, na tunawafungulia vibuyu vya vicheko chini ya viti vyao. Wanalia kwa furaha, wanatoa. Lakini vicheko tulivyonavyo ni vya zamani, kabla vibuyu havijaenea nchi nzima. Kila ukifungua kimoja kinachakaa. Mwaka jana kimoja kilitoka kama mlango mbovu, na mgeni mmoja akauliza yule mtoto ana ugonjwa gani. Hatuna vicheko vipya. Bila vicheko hakuna wageni, bila wageni hakuna fungu. Naomba mawazo."

Hapakuwa na mawazo. Katika kimya hicho, diwani mmoja mzee aliyekuwa amesinzia pembeni alitembelewa na nzi. Nzi akatua kwenye upara, akatembea taratibu, akashuka paji la uso, akafika ncha ya pua, akanawa mikono. Mzee, bila kufungua macho, akajizaba kofi moja la nguvu, akaamka, akapaza sauti, "Naunga mkono hoja!"

Zawena akajitahidi, nasema haki. Alishika mdomo kwa mikono yote miwili, akatazama dari, akajiuma midomo. Lakini kilikwisha kuanzia tumboni. Kikapanda, kikajikwaa, kikapasuka. Kicheko kikajaa ukumbi ule uliofunikwa mazulia, kikagonga milango minene, na madiwani wakageuka wote kwa pamoja, taratibu, midomo ikiwa wazi. Baadhi yao machozi yalikuwa yameshawalenga.

Bi Sikudhani akamvuta mtoto nyuma ya kanga yake. "Msameheni, waheshimiwa. Ni mtoto."

Bwana Latifu alikuwa ameshafika. Alipiga magoti, akatabasamu tabasamu jema kabisa. "Unaitwa nani, mama?"

"Zawena."

"Umecheka nini, Zawena?"

"Nzi," Zawena akasema, na kikaanza kumpanda tena. "Ameko... amekosa kumpiga nzi, amejipiga mwenyewe!"

"Ehee! Hebu nionyeshe alivyojipiga. Cheka, mama, cheka tukusikie."

Hakuna mtu aliyewahi kumwomba Zawena acheke. Maisha yake yote alikuwa akiombwa aache. Akatoka nyuma ya kanga, akajizaba kofi la mchezo, akaachia kicheko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kucheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Na kibuyu kikawa pale mdomoni, kimetoka kwenye joho la Bwana Latifu kwa wepesi wa mkono uliozoea. Kicheko kikaingia, kikapungua kama maji yanayoishia kwenye tundu la beseni, kikaisha. Gunzi likashindiliwa, nta ikamiminwa.

Zawena aliendelea kucheka. Mabega yalitikisika, macho yalifumba. Kisha akasita. Akajishika koo. Akamtazama bibi yake.

Madiwani walipiga makofi ya Utuvu, yaani walipunga mikono hewani.

Bi Sikudhani alipiga ukelele ambao siwezi kuurudia mbele ya watoto. "Majambazi wa mchana! Mwanangu kawafanya nini? Rudisha! Rudisha sauti ya mtoto, laanakum, rudisha!" Alimkamata Bwana Latifu joho, akamtikisa mpaka kofia ikadondoka. Hakuna aliyemzuia. Mwenyekiti alisema kwa upole, "Mama anaruhusiwa kuendelea. Sauti ya mtu mzima haihesabiwi."

Alipochoka, Bwana Latifu aliokota kofia yake akaipangusa.

"Mama, sikiliza. Mjukuu wako sasa ametimiza masharti. Atapewa kitanda, uji, sare, na akikua, kazi. Wewe umeshakuwa mtu mzima sana. Si ndilo lililokuleta?"

Ndilo. Hapo ndipo palipomchoma. Alikuwa amekuja kutafuta mahali ambapo Zawena angekula baada ya yeye kufa, na mahali pamepatikana.

"Mnipe kicheko chake tuondoke," akasema.

"Kicheko ni mali ya watoto wote. Kwa hiki tu tutapata fungu la miaka. Unataka watoto wa nchi nzima walale na njaa kwa ajili ya kicheko cha mmoja?"

Niambieni ninyi mngemjibu nini. Yeye alilia tu. Ila Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikohoa akasema ipo sheria ya zamani: mtoto asitolewe nje ya Utuvu bila sauti, majirani wasije wakasema. Kama bibi anashikilia kuondoka, basi apewe kibuyu kimoja kutoka ghala la nyuma, achague mwenyewe, akifungue nje ya lango.

"Ghala la nyuma lina nini?"

"Vilio," akasema Mwenyekiti. "Tunavyo vingi."

Bi Mashavu alizipata habari kabla hawajafika nyumbani. Alimkuta Bi Sikudhani anafunga mzigo, na Zawena ameketi sakafuni anajigusa koo. Akafunga mlango ule mnene kwa bega, akapiga magoti.

"Mama, nakuomba jambo. Kheri wangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa na mwanambuzi, mwenye doa jeupe hapa kwenye paji, alimwita Kitone. Nikamuuza mbuzi yule nilipokuwa na dhiki. Kheri akalia siku mbili, 'Kitone, Kitone wangu,' na mimi kila nikitaka kumbeba natazama mlango, nawaza Wasikilizaji, nawaza kitambaa. Nikamwekea kibuyu mimi mwenyewe. Tangu siku ile sijasikia sauti ya mwanangu." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Ukikisikia kilio hicho, chukua hicho. Mpe mjukuu wako. Kiende mahali ambapo kuna mtu wa kukiitikia."

"Kwa nini nisikilete kwake mwenyewe?"

"Akirudishiwa hapa kitachukuliwa tena kabla ya jioni."

Ghala la mbele, la vicheko, lilikuwa na kufuli na askari. Ghala la nyuma halikuwa na kufuli. Bwana Latifu alisukuma mlango kwa kiganja, akasimama nje asichafue nguo. Ndani vibuyu vilipangwa toka sakafuni hadi kwenye kenchi za paa, chumba baada ya chumba, na vumbi juu yake lilikuwa nene.

"Havina majina," Bi Sikudhani akasema.

"Vya nini majina? Hakuna aliyewahi kuja kukitaka kilio."

Akachukua kibuyu cha kwanza, akakibandika sikioni. Ndani yake, mbali sana, mtoto alikuwa analia njaa. Kilio cha njaa hakimpotei mwanamke aliyelea. Akakirudisha. Cha pili kilikuwa cha maumivu ya sikio. Kingine kilikuwa cha mtoto aliyeamka gizani, kinaita, kinanyamaza kusikiliza kama kuna anayekuja, kinaita tena. Kingine hakikuwa na neno, kilikuwa kichanga. Vyote vilikuwa vinaendelea. Hilo ndilo lililomtia baridi: miaka yote hiyo, ndani ya vibuyu, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimekwisha, maana hakuna aliyekuja. Bi Sikudhani alizunguka huku analia na yeye, anasema, "Nasikia, mwanangu, nasikia," kwa kila kimoja, na kila kimoja alilazimika kukirudisha mahali pake. Zawena alimfuata nyuma akiwa ameshika kanga yake.

Jua lilikuwa limeinama alipokipata, kibuyu kidogo chenye ufa uliozibwa. *Kitone! Kitone wangu! Mama, mrudishe Kitone!*

Akasita. Tuseme kweli, alisita. Alitaka kicheko cha mjukuu wake, si kilio cha mwana wa mtu. Akamtazama Zawena, akamwekea kibuyu sikioni. Zawena akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akakikumbatia kifuani.

Lango lilipofungwa nyuma yao, Bi Sikudhani alitoa gunzi kwa meno, akakiweka kibuyu mdomoni mwa mtoto. Koo la Zawena likacheza. Akafungua kinywa, na sauti ya mvulana wa miaka minne, nzito kidogo, yenye mafua, ikapasua jioni: "Kitoneee!"

Juu ya ukuta wa mji alikuwa amesimama Msikilizaji wa zamu, kijana mrefu. Kazi yake ilikuwa kutoa taarifa ya kila kilio. Aligeuka, akabandika mkono kwenye koo lake, akabaki hivyo. Hakutoa taarifa. Bi Sikudhani aligeuka mara moja tu kumtazama, na Kheri bado alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza sauti ikiondoka.

Walirudi kwao. Na sasa ndiyo mtajua kazi ya kulea. Zawena hakuwa na neno jingine ila hilo moja. Alilia mchana, alilia akila. Akipewa uji, "Kitone!" Akipewa kitumbua cha moto, kile cha pembeni alichokuwa akikigombania, "Mama, mrudishe Kitone!" Uso ulikuwa wa Zawena, macho ya Zawena, na macho yenyewe yalikuwa yanaomba radhi, lakini kilio kilikuwa na njia yake na hakikuweza kugeuzwa. Majirani wakasema mtoto ana jini. Mmoja, Mama Shukuru wa nyumba ya pili, alipita uani akasema, "Mnyamazishe, dada, watu tunashindwa kupumzika," na Bi Sikudhani alipolisikia neno hilo, kumnyamazisha, alimvuta mtoto kifuani.

Akakaa kwenye kigoda akafikiri. Mtu akililia kitu, hupewa kitu. Hakuna elimu nyingine. Akachukua kikaango cha vitumbua, kile kilichomlisha tangu ujana na alichokibeba mpaka Utuvu na kukirudisha, akakipeleka kwa wafugaji wa bondeni. Alirudi bila kikaango. Alikuwa amebeba mwanambuzi mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji, mkorofi, anayempiga mateke ya mbavu.

Zawena alikuwa uani analia. Bi Sikudhani akamwekea mnyama mapajani.

"Haya. Huyo hapo Kitone wako. Mama kamrudisha."

Kilio kilikatika katikati ya neno. Mtoto alimtazama mbuzi. Mbuzi alimtazama mtoto, akanusa shavu lililolowa, akalilamba, kisha akageuka kwa utulivu, akashika pindo la kanga ya Bi Sikudhani, akaanza kulitafuna.

Kitu kikaanza tumboni mwa Zawena. Bi Sikudhani alikiona kabla hajakisikia, akaziba mdomo wake mwenyewe asije akakitisha. Kikapanda. Kikajikwaa. Kisha kikapasuka, kicheko cha mvulana, kizito, chenye mafua, kicheko ambacho mwenyewe hakupata tena nafasi ya kukicheka tangu Kitone auzwe. "Bibi!" ilisema sauti ya Kheri kutoka kinywani mwa Zawena. "Bibi, Kitone anakula kanga yako!"

Bi Sikudhani alikaa chini vumbini, akacheka na kulia, huku kanga ikiendelea kuliwa. Kile kicheko cha kwanza hakukisikia tena. Huko Utuvu, nimeambiwa, bado wanakifungua kila Siku ya Wageni, na wageni bado wanapangusa macho, ingawa siku hizi kinaanza kukwaruza.

"Bi Sikudhani!" Mama Shukuru akapaza sauti kutoka ng'ambo ya uzio. "Huyo mtoto na kelele zake!"

"Njoo uzisikie kwa karibu!" Bi Sikudhani akajibu. "Na uje na kamba, tumfunge huyu shetani kabla hajanivua nguo!"

Mama Shukuru akaja na kamba. Alikuja akinuna, akaondoka jua limezama, na keshoye akarudi bila kuitwa.

Basi, yangu imekoma hapo. Na kama masikio yangu hayanidanganyi, kuna mtoto analia huko nyuma ya nyumba. Mwenye naye anyanyuke. Na kama mwenye naye hayupo, anyanyuke aliyemsikia.